Fisi Aliyetaka Kula Kabla ya Simba

Mwaka ule mvua iliwanunia wanyama wa Bonde la Mwasita. Masika haikuja, vuli haikuja, hata yale manyunyu ya kudanganyia watoto hayakudondoka. Ikabaki Chemchemi moja tu, wanyama wakawa wanapanga foleni, tembo nyuma ya panya, na hakuna aliyelalamika. Halafu asubuhi moja wakaikuta Chemchemi nayo imekauka, na chura amekaa katikati yake ameduwaa.

Simba alikuwa na kiburi ambacho hata kiu haikukipunguza. Mfalme mzima akachimbe maji? Thubutu! Akapanda juu ya mwamba, akatikisa manyoya ya shingo, akanguruma.

"Anayeweza kutuletea maji ajitokeze, mumpigie kura. Mtakayemchagua atakuwa Waziri wangu, na kila siku atakula kabla yangu. Nimesema."

Kula kabla ya Simba! Fisi, aliyekuwa nyuma kabisa ya mkutano, akasimamisha masikio. Tangu azaliwe alikuwa akila baada ya Simba, baada ya mke wa Simba, baada ya watoto wa Simba, na mara nyingine hata baada ya tai. Akajiona anaanza yeye, na Simba amesimama pembeni anameza mate. Kicheko kikamtoka, wenzake wakageuka kumtazama.

Si kwamba Fisi alikuwa fukara. Alikuwa tajiri wa chumvi! Duara lake, lile shimo refu la kuchimbia, lilitoa chumvi ya kulamba bonde zima. Ila utajiri wenyewe ulikuwa na maneno mengi. Wachimbaji wake walikuwa ngiri na muhanga, naye aliwalipa mifupa. Jamani, ngiri na mfupa wapi na wapi? Walipolalamika aliwaambia, "Kama hamuutaki nirudishieni," akautafuna mbele yao. Na siku shimo lilipomwangukia Nungunungu, akatoka na miiba mitatu tu mgongoni, Fisi alimgombeza kwa kuacha miiba kwenye chumvi.

Tena kulikuwa na jambo alilolijua peke yake. Siku moja kabla Chemchemi haijakauka, alishuka duarani kukagua kama wachimbaji wamemfichia bonge la chumvi ukutani. Akakwangua, akakwangua, roho haitosheki, mpaka ukuta ukatoboka na maji yakamwagika, pwaa! Alikuwa amekata mshipa wa Chemchemi. Akanywa, akaoga, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akapanda ngazi yake ya miti, akafunika mdomo wa duara kwa matawi, akawatangazia wachimbaji, "Duara limefungwa kwa usalama wenu."

Mama Ngiri akaguna. Lini Fisi aliwahi kujali usalama wa mtu?

Angeweza kuyaonyesha maji siku ileile Simba aliponguruma. Lakini wangemuuliza yamefikaje mle, na Fisi hakupenda maswali kabla ya kula. Kwanza achaguliwe, aapishwe, ashibe. Maji baadaye.

Basi kampeni zikaanza, na zilikuwa kampeni kwelikweli! Fisi alijifunga majani shingoni, akapanda kichuguu, akawapa wapambe wake masharti. "Nikisema neno, lirudieni kwa nguvu. Nikienda, nifuateni mkiimba. Nikikimbia, kimbieni! Mgombea asiye na msafara ni mzururaji tu. Fisi oyee!"

"Oyeee!"

"Maji yanakuja!"

"Yanakujaaa!"

Na kila mkutano aligawa chumvi ya bure. Wanyama walilamba kwa furaha, wakatoka hapo na kiu mara mbili, na kadiri walivyokuwa na kiu ndivyo walivyomshangilia yule aliyeahidi maji. Fisi aliona ameivumbua siasa yeye mwenyewe. Akawa anajichekea hata usingizini.

Mpambe wake mkubwa alikuwa Sungura. Alijileta mwenyewe, akasimama mstari wa mbele, akaimba kuliko wote. Lakini kila Fisi alipopandisha sauti, mate yalimruka, yakamwangukia Sungura puani. Sungura akapangusa, akatafakari. Bonde zima ndimi zimekauka, sauti zimekwaruza, huyu mwenzetu anamwaga sera na mate juu! Anakunywa wapi?

Akacheza ngoma kwa bidii zaidi.

Siku ya kura Simba mwenyewe alihudhuria. Ilikuwa desturi ya bonde kwamba Simba akiketi, hakuna anayeondoka mpaka ainuke, na kura zilipigwa kwa kunyoosha mkia. Kabla mikia haijanyooshwa, Mama Ngiri alisogea mbele. Kitinda mimba wake alikuwa amelala mgongoni kwake, macho nusu.

"Mheshimiwa, maji lini? Mwanangu hawezi tena kusimama."

"Baada ya kura, mama," alijibu Fisi, na wala hakumtazama yule mtoto. Mnamwona lakini? Maji yapo, anayajua yalipo, na mtoto anamfia mbele ya macho! Huyo ndiye Fisi.

Hapo Sungura akajitokeza na paja zima la nyama kavu, lililozikwa kwenye chumvi hadi likawa jeupe pe. "Zawadi ya wapiga kura kwa mgombea wetu! Ila nadhani ni kubwa mno, Mheshimiwa, labda tukugawie kipande..."

"Nani kasema kubwa?" Fisi akalinyakua. Nyama, mfupa, chumvi, vyote vikaenda. Akalamba hata majani lilimofungiwa.

"Sasa," Sungura akamwambia Simba kwa adabu, "kabla ya kura tumsifu Mfalme kwa wimbo. Una beti chache tu."

Chache! Walisifu manyoya yake, wakasifu kucha zake, wakasifu babu zake. Simba, kwa kiburi chake, akafumba macho akaomba warudie ule wa babu zake. Ubeti wa nne ulimkuta Fisi ulimi umeganda kwenye kaakaa. Ubeti wa tisa ulimkuta anaona maji kila anapotazama. Akajaribu kumeza mate, hayapo. Akamtazama Simba, ameketi imara. Koo likawaka moto.

"Ubeti unaofuata," Sungura alisema, "unahusu mkia."

Fisi akaruka kutoka kwenye kichuguu, akatimua mbio.

Wapambe wakashangilia. "Anakimbia! Kimbieni!" Pundamilia, nyumbu, ngiri mikia juu, msafara wote ukamfuata kwa vumbi na nyimbo, na Simba aliyekasirika akafuata nyuma.

Fisi akageuka. "Rudini!"

"Rudiniii!" wakaitikia kwa furaha.

"Msinifuate!"

"Msinifuateee!"

"Acheni ujinga!"

"Acheni ujingaaa!" Lo, wimbo ulikuwa mtamu, haujapata kutokea.

Fisi alifika duarani, akasambaza matawi. Subira ya kushuka ngazi hakuwa nayo. Akajitupa, akaivuta ngazi pamoja naye, ikavunjika vipande vipande, pwaa! Msafara ukasimama ukingoni, ukasikia kutoka chini, gubu, gubu, gubu.

"Maji," alisema Mama Ngiri polepole. "Kumbe ndio usalama wetu huo."

Fisi akainua uso unaochuruzika. Alipoona macho yote yale, akajikaza. "Ndugu wananchi! Niliahidi maji, haya hapa! Ahadi nimetimiza!"

Simba akakunja uso, akainua kucha. Lakini Sungura akawahi. "Mfalme, neno lako ni neno. Tupige kura. Anayetaka Fisi atuletee maji, anyooshe mkia!"

Bonde zima likanyoosha mkia. Hata Nungunungu alinyoosha miiba yake mitatu. Fisi akacheka kwa raha, akaapishwa mlemle shimoni, maji yakimfika tumboni.

"Haya sasa nitoeni!"

"Utatokaje, Mheshimiwa?" aliuliza Sungura. "Umechaguliwa kutuletea maji, na maji yako huko."

Wakamteremshia kibuyu kwa kamba. Cha kwanza alikinywa mtoto wa Mama Ngiri. Akakohoa, akapiga chafya, akasimama. Mama yake akalia waziwazi, akateremsha kibuyu tena.

Jioni, Simba alipoletewa nyama, alisimama kando kama alivyosema. "Waziri kwanza!" akanguruma. Kitu kizito kikadondoka shimoni mbele ya Fisi: bonge la chumvi, la duara lake mwenyewe.

Fisi alilitazama. Akajiapiza kwamba leo halili, hata iweje. Kisha akalila lote.

"Umeshiba, Mheshimiwa?" Mama Ngiri akaita kutoka juu. "Haya, jaza kibuyu."