Pipa Lililonyamaza

Asubuhi ile maabara ilijaa harufu ya shayiri iliyochemka. Juu ya meza ndefu, chupa kumi na mbili zilizunguka polepole kwenye mashine ya kutikisia, na ndani ya kila chupa vijidonge vyeupe vya uyoga wa dawa vilielea katika maji yenye rangi ya chai. Uyoga huo haukuoteshwa kwenye magogo wala maranda. Ulikuzwa ndani ya maji yenye chakula chake, ukatoa ute mzito wenye polisakaraidi, sukari ambayo watafiti waliihitaji kwa majaribio yao.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa pupa. Kwa miaka miwili alihangaika kuuongeza ute huo; mara abadili sukari, mara adondoshe mafuta ya mimea, mara aongeze kasi ya mashine. Hatimaye alizidisha unga wa shayiri maradufu, na chupa moja ikatoa ute wa chupa mbili. Furaha ikampanda kichwani. Wageni kutoka chuo kikuu walitarajiwa saa nane mchana, naye alitaka wakute pipa zima la chakula hicho kipya likiwa tayari kupandwa uyoga.

Kazi ya kuchemsha ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi ambaye wenzake walimwita Bi Hofu. Alikagua kila swichi mara tatu, na hakusogea karibu na pipa la mvuke bila kwanza kutazama mlango uko wapi. Pipa hilo la chuma, lenye kifuniko kilichokazwa kwa nati sita, liliua vijidudu kwa mvuke uliobanwa ndani yake.

Siku hiyo alipozima moto na kufungua vali ya kutolea mvuke, pipa lilipiga mluzi, likakohoa, likanyamaza. Mshale wa geji ya kupimia mvuke ukaanguka kwenye sifuri. Kwa kawaida mvuke ulitoka nusu saa nzima. Leo hata dakika mbili hazikutimia. Akainama, akaona uji mzito wa ule unga uliozidishwa umeganda kwenye mdomo wa vali. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Shemeji, hili halijapumua," alisema. "Uji umeziba bomba. Mvuke bado umo ndani."

"Geji inasema sifuri."

"Geji nayo iko kwenye bomba hilohilo."

Mkuu akacheka. "Wewe hata kivuli chako unakipisha njia. Fungua, saa zinakwenda."

"Sifungui. Tuliache lipoe lenyewe, hata kama ni mpaka kesho."

"Basi dada yako atafungua."

Dada mtu, mke wa mkuu, alikuwa kwenye sinki akiosha chupa. Hakupenda ugomvi, nyumbani wala kazini. Akafuta mikono kwa aproni, akachukua spana. Nati ya kwanza ikalegea. Ya pili ikalegea, na pembeni mwa kifuniko ikasikika sauti nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

Bi Hofu hakungoja sauti hiyo ikue. Alimrukia dada yake, akamkamata mkono na kumburuta hadi ukumbini. Spana ikaanguka sakafuni.

"Unaniumiza mkono, mdogo wangu."

"Twende, dada. Twende tu."

Mkuu alichachamaa. Akawafuata ukumbini, kidole juu. "Mnanifanyia mchezo? Wageni wako njiani, na ninyi..."

Hakumaliza. Kishindo kilitikisa kuta. Kifuniko kiligonga dari, vioo vya madirisha vikamwagika, na uji wa moto ukarushwa kwenye meza, kwenye chupa kumi na mbili, na pale mbele ya pipa aliposimama dada mtu muda mfupi tu uliopita. Mvuke mweupe ukatoka mlangoni ukiwafuata. Mkuu alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mkewe akaketi sakafuni.

Wageni walipofika walipokewa nje, kwenye ngazi. Mkuu hakuficha kitu. Aliwaeleza habari za unga, za vali, na za kicheko chake.

"Mke wangu nilimwamuru mimi mwenyewe afungue," alisema.

Mgeni mmoja akamgeukia fundi. "Wewe ulijuaje kuwa litapasuka?"

"Sikujua," Bi Hofu alijibu. "Niliogopa."

Hakuna aliyecheka. Mkuu aliinamisha kichwa, kisha akamwomba shemeji yake radhi mbele ya watu wote, na kumwambia kwamba tangu siku hiyo pipa halitafunguliwa mpaka fundi huyo aseme.

Jioni dada mtu alirudi nyumbani kwake akiwa na alama nyekundu za vidole mkononi, bila jeraha jingine lolote. Hakika, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.