Zimwi Lililopewa Mji

Sogeeni, wanangu, moto unatutosha sote.

Kati ya makanisa makuu mawili palikuwa na msitu, na msituni zimwi. Kila msafiri lilimtegea kitendawili, na aliyeshindwa lilimmeza. Siku moja akapita Skolastika, mke wa mpiga kengele, na kikapu cha vitumbua.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Husafiri kanisa hadi kanisa bila miguu."

"Upepo?"

"Siyo!"

"Wingu?"

"Siyo!"

"Ndege?"

"Ndege ana miguu, mama wee!" Zimwi likaachama.

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji."

Zimwi likafumba mdomo. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, ndiyo desturi, lakini wasafiri wote waliomtangulia Skolastika walipiga mayowe tu.

"Mji gani?" likauliza kwa upole.

"Wetu. Twende, ukale vitumbua."

Aliyepewa mji hutoa jibu. Likalitoa njiani, kikapu kichwani: "Nilikwenda mji wa Skolastika, nikakaribishwa. Jibu ni mlio wa kengele."

"Kumbe!" akasema Skolastika.

Kumbe nini, wanangu? Mke wa mpiga kengele! Angelijibu, angefika nyumbani salama vilevile, lakini zimwi lingebaki msituni peke yake.