Dubu Aliyepima Barafu

Paukwa!

—Pakawa!

Niseme, nisiseme?

—Sema!

Humu ndani kuna mjinga.

—Nani?

Tulieni, atajitaja mwenyewe.

Hapo kale, kaskazini kabisa, kule bahari inakoganda ikawa ngumu kama jiwe, aliondokea dubu mweupe, jina lake Kitambi. Desturi ya kwao ilikuwa moja. Kipupwe barafu hutanda baharini, dubu wakatembea juu yake, wakala sili, wale wanyama wa baharini wanaoibukia matunduni kuvuta pumzi, wakanenepa. Kiangazi barafu huyeyuka, sili hawashikiki, na dubu hukaa pwani akiishi kwa mafuta ya mwilini mwake. Asiyenenepa kipupwe, kiangazi anakufa. Basi.

Siku moja Kitambi alivizia penye tundu la barafu. Chubwi! Akaibuka sili mnono. Kitambi akamkaba shingo.

"Shikamoo, mwenye nchi," sili akasema.

Mwenye nchi! Mkono ukalegea. Msicheke, nanyi mngelegea.

"Mwenye nchi ndiye nani?"

"Si wewe? Barafu yote hii haina mwenyewe. Ipime kwa hatua, weka alama kila pembe. Ukimaliza, kila sili aliyemo ni wako, mimi wa kwanza. Mtu mzito kama wewe ule mmoja tu, kama mdokozi?"

Kitambi akamwachia. Akapima, hatua, hatua, hatua, akasimika mapande ya barafu. Asubuhi, lo! Barafu imesogea mbele, imezipita alama. Akang'oa alama, akapima upya. Kesho yake imesogea tena. Akang'oa, akapima. Ya tatu vilevile.

Mkewe akamjia, mdomo unang'aa mafuta. "Mume wangu, njoo ule. Barafu haikai hii."

"Nchi inakua, mke wangu! Nile saa ngapi?"

"Mtaka yote hukosa yote."

"Hayo ni maneno ya wasio na nchi."

Kiangazi kikaingia, jua likaja, likakataa kuzama. Kitambi akaamka, alama ya kwanza haipo. Akapima. Akaamka, ya pili haipo. Akapima. Akaamka mara ya tatu, yuko juu ya kipande kama mkeka, miguu imo majini. Sili akachungulia.

"Mwenye nchi, umemaliza? Tuje tuhesabiwe?"

Kitambi akamrukia. Majini nani amshike sili? Akaambulia maji ya chumvi.

Aliogelea siku tatu, akafika pwani mbavu nje. Mkewe akamgawia mwani na mzoga mkavu wa nyangumi. Njaa ilimtesa kiangazi kizima, nusura afe. Kila aliyemuuliza yaliyomkuta alimjibu, "Nilikuwa na nyama mdomoni, nikaitema nikapime sahani."

Hadithi yangu imeyeyukia hapo. Na yule mjinga? Jamani, kiangazi kilichopita nilijipimia kiwanja bondeni, nikapigilia vigingi vinne, nikamwita hata shemeji aje aone. Masika ikaingia. Vigingi sivioni, na vyura wamehamia bila kupiga hodi.