Babu Aliyesahihisha Salamu

Wapendwa, kabla hatujaomba, hebu niwasimulie habari za babu mmoja. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mjane, na binti yake wa pekee aliolewa mbali, Denmark, huko kwenye theluji. Akajaliwa mtoto wa kike. Babu hakuwahi kumwona mjukuu huyo ila kwenye picha. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, aliisemesha ile picha kwenye simu, kwa utani wa mababu: "Mchumba wangu, umeamkaje?"

Mtoto hakujua Kiswahili. Babu hakujua lugha ya huko. Kilichobaki kati yao ni Kiingereza, nacho mtoto ndiyo kwanza alikuwa anakianza shuleni.

Siku moja ukaingia ujumbe wa mjukuu, wa kwanza kabisa: "Babu, I look forward to see you." Yaani, babu, natamani sana siku ya kukuona. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngejibu nini?

Mazoea yana taabu. Yeye alijibu: "Siyo *see*. Hapo huandikwa *seeing*." Akayaandika hayo kwa Kiingereza safi. Na kweli alikuwa sahihi! Kitabu chochote cha sarufi kitamuunga mkono. Akangoja sentensi irudi imenyooka.

Haikurudi. Mvua za vuli zikaja, zikaisha. Babu akawa anakula na simu pembeni ya sahani, analala nayo chini ya mto wa kichwa. Mwishowe akampigia binti yake.

"Mwanangu, mbona mchumba wangu kanyamaza? Anaumwa?"

"Haumwi, baba. Siku ile alishinda na kamusi, anaandika, anafuta. Ulipomjibu vile, akalia. Anasema atakuandikia akishajua Kiingereza."

"Mwambie aandike tu! Aandike vyovyote!"

"Nimemwambia, baba. Hataki."

Likizo ilipofika, wakaja. Babu alimkumbatia mjukuu wake uwanja wa ndege mpaka watu wakageuka kuwatazama. Nyumbani akamsogezea wali wa nazi, akamuuliza kwa Kiingereza chepesi kabisa kama amekipenda chakula. Mtoto akamtazama mama yake, akabana midomo, akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza habari za safari. Kichwa tena. Yule aliyetamani kumwona miaka yote ameketi hapo, mkono unamfikia, na bado yuko Denmark. Mzee yule angetoa shamba lake lote asikie sentensi moja tu, yenye makosa tele.

Je, sisi? Mtoto anakuja mbio kutuambia jambo, tunamwambia kwanza achomekee shati. Mke anasema, "Nilikukumbuka," tunamuuliza mbona hakupiga simu. Mgeni anaomba hapa kanisani, maneno yanamgongana, nasi tunabinyana na kucheka. Mungu naye angetaka kwanza kusahihisha sala zetu ndipo azisikie, nani humu angethubutu kufungua kinywa?

Yupo mtu nyumbani kwako aliyenyamaza kwa sababu yako. Unamjua. Leo usimhubirie. Keti karibu naye, umngoje, na akisema, hata akikosea, wewe sikia alichotaka kusema.

Tusimame tuombe, kila mtu kwa maneno aliyonayo.