Bi Siwatu Atumwa na Mwanawe

"Mtoto akikua, mama hutumwa." Mmeisikia leo mkadhani ni utovu wa adabu, sivyo? Haya, punguzeni kicheko, sogeeni niwaambie ilikoanzia.

Pale Korogwe aliishi Bi Siwatu, mjane mwenye maneno mengi na mapenzi zaidi. Mumewe alipofariki, kiwanja chao alimwachia binti yao wa pekee, Hidaya, na kaburi lake mwenyewe limo humohumo, chini ya mwarobaini. Hidaya alipokuwa mdogo, jambo lake lolote alisemewa na mama. Basi akatimiza miaka kumi na nane, akapata nafasi katika chuo cha ualimu Tanga. Kabla ya kuondoka akasema, "Mama, twende kwa wakili tuandike hati ya uwakilishi, usimame badala yangu nikiwa mbali."

Lo! Bi Siwatu aliwaka. "Mimi niliyekuwa nakutuma chumvi dukani, leo unitume wewe? Uchungu wa kukuzaa hautoshi kuwa hati?" Hidaya akaenda chuoni bila hati kuandikwa. Nani abishane na mama yake?

Siku si nyingi wakaja wapima ardhi. Jirani yao, Mzee Shekalaghe, alikuwa akisogeza uzio wake wa minyaa kidogo kidogo, mpaka kaburi likawa upande wake. Bi Siwatu akaenda mbio kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika.

"Dada yangu," mwenyekiti akamwambia kwa upole, "kiwanja ni cha Hidaya, na Hidaya sasa ni mtu mzima. Aje mwenyewe, au wewe uje na hati yake. La sivyo, kesho watapima kufuata uzio ulipo."

Na kesho Hidaya ana mtihani! Bi Siwatu akajifunga kanga, akapanda basi, njia nzima analia akiogopa mumewe atalala katika ardhi ya mtu mwingine. Langoni mwa chuo binti alimkimbilia. "Mama, kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja unitume."

Hidaya akamshika mikono. "Mama, wewe sikutumi. Nakuomba tu."

"Usiniombe! Ukiniomba nitakataa, ukaidi wangu unaujua. Nitume, mwanangu."

Wakacheka huku machozi yanawatoka, wakaenda kwa wakili kutia sahihi.

Asubuhi, Bi Siwatu alikuwa amesimama kando ya kaburi. Shekalaghe akamkejeli, "Umekuja kama nani leo?"

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na niliyemzaa!"

Akampa mwenyekiti hati, kisha akawaonyesha wapimaji visiki vya minyaa ya zamani, ng'ambo ya mwarobaini. Mpaka ukawekwa hapo, na kaburi likabaki nyumbani.

Tangu siku hiyo, shoga zake wakimuuliza anakwenda wapi na kanga mpya, alijibu kwa maringo, "Kwani hamjui? Mtoto akikua, mama hutumwa."