Dawa ya Usiku Huchumwa Mchana

Dawa ya usiku huchumwa mchana. Leo mmemsikia mwalimu akimwambia hivyo mwenzenu aliyelalamika kwamba mtihani ukikaribia hapati usingizi, nanyi mmerudi mkiniuliza ni dawa gani hiyo na nani aliyeichuma. Kaeni basi, niwaambie. Maneno haya yalitoka katika nyumba moja ya kijiji cha kusini, kule kwenye ardhi ya mawe, na chanzo chake ni mtoto mchanga aliyekataa kulala.

Baba wa mtoto aliitwa Simai, na kazi yake ilikuwa kuchoma chokaa. Mkewe aliitwa Kazija. Walikaa pamoja na mama yake Simai, Bi Mize, katika nyumba iliyo karibu na pwani, mahali ambapo wanawake walipiga makumbi ya nazi kwa magongo ili wapate nyuzi za kusokotea kamba. Kazija alipojifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la Vuai.

Arubaini ilipita salama. Baada ya hapo ndipo shida ilipoanza. Jua likizama, Vuai hufumbua macho. Watu wakila, yeye huitazama taa. Watu wakilala, yeye huanza kulia. Akinyonyeshwa hunyamaza, akilazwa hulia tena. Mama yake akisimama naye hutulia, akikaa naye hupiga kelele kama aliyefinywa. Kazija alikuwa akitembea naye ukumbini mpaka jogoo awike. Alfajiri mtoto hulala fofofo, na mama hushika ufagio.

Simai alivumilia kwa muda, kisha akachukua mkeka wake akawa analala kwa binamu yake.

"Sikukimbii," alimwambia mkewe. "Lakini nikisinzia kwenye tanuri nitaungua."

Kazija alimpisha apite. Hata nguvu ya kugomba hakuwa nayo.

Aliyeungua akawa yeye. Asubuhi moja alikuwa akikoroga uji, mtoto kampakata, usingizi ukamchukua palepale mbele ya mafiga. Ncha ya kanga yake ikaingia motoni. Bi Mize alisikia harufu ya nguo inayoungua, akaja mbio, akamwaga mtungi mzima wa maji juu yao. Mtoto hakuguswa na moto, ila Kazija alibabuka mkono, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko.

Bi Mize alimchukua mjukuu wake akamfuta maji.

"Kazija," alisema, "mwezi ukiandama na hali ni hii, utakwenda kwenu ukapumzike. Mtoto atabaki nami. Nitamlea kwa maziwa ya mbuzi."

"Mama, hata kukaa bado hajui! Atapona kwa maziwa ya mbuzi?"

"Bora maziwa ya mbuzi kuliko moto."

Jioni Kazija alimweleza mumewe yote, huku akilia. Simai hakutaka kumpoteza mkewe, wala hakuthubutu kushindana na mama yake. Akaenda kwa mganga wa kijiji cha pili. Mganga akamwelekeza majani ya kichaka kimoja kinachoota katikati ya mawe, akamwambia lazima yachumwe usiku wa manane, bila taa, na njiani asiseme na mtu.

Simai akaenda. Mwezi ulikuwa umekwisha tua. Kabla hajakifikia kichaka, mguu wake ulizama katika ufa wa jiwe, kifundo kikageuka. Alirudi alfajiri akijikokota kwa fimbo, bila hata jani moja.

Kwa sababu ya mguu ule ilimbidi akae nyumbani. Tangu Vuai azaliwe, Simai hakuwahi kushinda nyumbani mchana. Alilala kitandani ukumbini, hana la kufanya ila kutazama.

Alimwona mama yake akimpokea mtoto aliyekwisha sinzia, akamwingiza chumba cha ndani, akashusha pazia na kuziba dirisha kwa gunia. Kisha Bi Mize alitoka akawaambia wanawake wa makumbi, "Jamani, sogeeni kule, mtoto kalala." Magongo yakahamia mbali. Kuku wakafukuzwa. Jirani aliyekuja kumtazama mgonjwa aliambiwa aongee kwa kunong'ona, asikaribie pazia. Wakati huo Kazija alikuwa akifua kwa mkono mmoja, akapika, akaosha vyombo, akatoka kwenda kisimani. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, mtoto amelala. Akaamshwa kidogo akanyonyeshwa gizani, akarudishwa. Alasiri ikakaribia, mtoto amelala.

"Si unaona?" Bi Mize alisema kwa furaha. "Mchana mwanao hana taabu hata kidogo."

"Mama, hulala hivi kila siku?"

"Kila siku. Namlinda mimi. Hakuna jicho linalomfikia."

"Na Kazija hulala wakati gani?"

"Mzazi hulala mtoto akilala."

"Mtoto kalala tangu asubuhi, mama. Kazija yuko wapi?"

Bi Mize aligeuka akatazama mlangoni.

"Niwie radhi, mama yangu," Simai akaendelea. "Nimeumia mguu nikitafuta majani gizani, kumbe mtoto haumwi. Ameshiba usingizi. Tukimpa giza na kimya mchana kutwa, atajuaje usiku ni upi?"

Bi Mize alikaa chini, mgongo ukutani.

"Nilizaa watoto watano," alisema. "Wanne walipita mikononi mwa watu. Huyu akisema mzuri, yule akisema mnene. Nikawazika wote wanne. Wewe nilikuficha nyuma ya pazia, ukapona. Leo unaniambia nilifungue?"

"Sikuyajua hayo, mama."

"Hukuniuliza."

Kazija alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, na alikuwa ameyasikia. Alitua maji, akaja akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Mama, tufungue dirisha moja tu. Umpakate wewe mwenyewe. Usiyemtaka asimshike."

Bi Mize aliutazama mkono uliofungwa kitambaa. Akainuka, akaingia ndani, akalivuta lile gunia. Mwanga ukamwangukia Vuai usoni. Alikunja uso, akapiga chafya, akaanza kunung'unika kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati.

Msidhani alilala usiku ule. Alilia kama kawaida, na uliofuata vilevile, na Bi Mize akataka kulirudisha gunia. Kazija mwenyewe karibu akubali. Lakini Simai alikuwa amekwisha rudisha mkeka wake nyumbani. Sehemu ya kwanza ya usiku alikaa yeye na mtoto kifuani, mguu mbovu ameunyoosha, ili mkewe alale. Karibu na alfajiri mtoto alipokewa na bibi yake. Mchana Vuai alipakatwa barazani, akisikia magongo na maneno ya watu. Akisinzia aliachwa alale kidogo, mlango wazi, na hapo Bi Mize humpokonya Kazija ufagio.

"Kalale," humwambia. "Vumbi halikimbii."

Jua likizama, taa ilipunguzwa. Mtoto alioshwa maji ya uvuguvugu, akanyonyeshwa, na hakuna aliyemchezesha.

Kidogo kidogo akageuka. Aliendelea kuamka usiku kunyonya, kama watoto wote, lakini alikuwa akishiba na kulala tena. Usiku wa kwanza alipolala kwa kirefu, Kazija alizinduka kwa hofu, akaweka kidole chini ya pua ya mtoto. Pumzi ilikuwa ikitoka, ya moto na ya taratibu. Alikaa pale kitambo, kidole hakiondoi. Kisha naye akajilaza.

Mwezi ukaandama. Hakuna aliyetaja habari ya Kazija kwenda kwao.

Wanawake wa makumbi waligundua kwamba nyumba ile usiku imenyamaza. Siku moja Bi Mize alipokuwa amekaa kati yao na mjukuu wake mapajani, mmoja akamuuliza:

"Bi Mize, kumbe dawa ilipatikana? Simai aliichuma wapi?"

"Simai aliifuata usiku," alijibu, "akarudi na mguu uliovimba."

"Sasa huyu mtoto kalazwa na nini?"

Bi Mize alimgeuza Vuai awatazame wote, uso wake wazi juani.

"Dawa ya usiku," alisema, "huchumwa mchana."