Kima Aliyemiliki Ziwa Bila Kulowa

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kivivu, kama watu walioshiba. Hadithi hii ni ya wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakisemezana na kuelewana, palikuwa na ziwa liitwalo Kisumbi. Ziwa halikuwa kubwa, lakini samaki walikuwamo. Perege walikuwamo, kambare walikuwamo, dagaa ndio usiseme. Na kando ya ziwa hilo, katika shimo chini ya mizizi ya mkuyu, alikaa Bi Fisimaji.

Bi Fisimaji jina lake lilimuudhi. Fisi si ndugu yake, hawajapata hata kusalimiana, lakini akienda ugenini akajitaja, watu wanaingiza mbuzi ndani. Yeye alikuwa mvuvi. Akiingia majini, chubwi, humwoni tena. Akitoka, samaki yumo mdomoni. Hakujua kazi nyingine wala hakutaka kuijua.

Wavuvi wengine walikuwapo. Mzee Korongo alivua kwa kusimama, akinyata na miguu yake mirefu. Mwari, ndege mkubwa, alivua kwa kuchota, maana mdomo wake ni mfuko. Mnandi, ndege mweusi, alivua kwa kupiga mbizi. Kenge naye alivua, ila kwa uvivu. Alilala ukingoni akingoja samaki ajilete. Kila mmoja alivua apendavyo. Akishiba, akavua tena, mwenzake asije akamtangulia. Siku moja Mwari alijaza mdomo hata akashindwa kuruka. Akakimbia juu ya maji, pata pata pata, akaishia kwenye matete, kichwa chini miguu juu.

Basi samaki wakapungua. Wakapungua, wakapungua, hata ikawa Bi Fisimaji anapiga mbizi kutwa nzima na kutoka na kaa mmoja, tena kaa mwenye hasira.

Ndipo wakamwendea Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu Kiboko hula majani. Asiyekula samaki ndiye wa kugawa samaki. Kiboko akafikiri, akapiga mwayo, akafikiri tena. Akaokota makombe ya konokono wa majini, akampa kila mvuvi la kwake. Akasema mwenye kombe atavua tenga moja kwa siku, basi. Asiye na kombe asitie hata ukucha ziwani.

Walinung'unika wote, kisha wakatii wote. Na samaki wakarudi. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena, na ziwa likawa linachemka kwa perege. Kila mvuvi akavaa kombe lake shingoni na kutembea kifua mbele, kama harusi ni ya kwake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Mvuvi akizeeka, kombe linakwenda wapi? Akichoka, aweza kumpa mwingine? Na mtoto aliyezaliwa baada ya mgao, atavua kwa kombe lipi? Hawakuuliza. Mwenye shibe haulizi.

Aliyeuliza, tena kimoyomoyo, ni Kima.

Kima alikaa juu ya mkuyu uleule, juu ya shimo la Bi Fisimaji. Maji aliyaogopa. Hata manyunyu yakianguka alijifunika jani la mgomba na kulia. Samaki hakumjua mbele wala nyuma. Aliwahi kupewa perege akammenya kama ndizi, akatupa nyama akatafuna gamba. Lakini alijua kusikiliza. Ukipata shida leo, Kima alikuwa kwako tangu jana.

Alianza na Mzee Korongo. Magoti ya mzee yalikuwa yanamuuma kwa baridi ya maji. Kima akamsihi akapumzike kwa binti yake kwenye mashamba ya mpunga. Kombe amwachie yeye alitunze, naye atampelekea kikapu cha panzi kila wiki. Mzee akaondoka anachechemea, huku akimwombea dua.

Kwa Kenge akapeleka mayai. Kenge kwa mayai angetoa hata mkia wake. Mwari alikuwa anamwoza binti yake, na alichotaka ni watu wa kuijaza sherehe; Kima akaleta ukoo wake mzima, wakacheza mpaka matete yakalala. Kombe likaenda. Mnandi hakuwa na shida yoyote. Alilitoa lake kwa sababu wenzake wametoa.

Bi Fisimaji akabaki peke yake na kombe lake, akawacheka. Alicheka sana. Kisha akavunja jino kwenye gamba la kobe, akashindwa kuvua, na alikuwa na binti mchanga wa kulisha. Kima akashuka tawi moja.

"Jirani," akasema, "kombe lako limekaa bure, na tumbo lako limekaa bure. Nipe mimi hilo la kwanza, nikujazie hilo la pili."

Akampa. Akala ndizi na asali, akashiba. Alipojipapasa shingoni na kukuta patupu, alijiambia ni kitu kidogo, ni gamba la konokono tu.

Jino likapona. Akaenda kudai chake. Kima akamjibu kwa upole kwamba jino kupona si kombe kurudi. Ila kwa ajili ya ujirani atamwazima. Avue tenga, nusu amletee mwenye kombe. Bi Fisimaji akavua, akapeleka nusu, na wenzake vivyo hivyo. Baadaye Kima akasema nusu haitoshi, akawaachia robo, na robo hiyo akaipunguza pia, hata wavuvi wote wa Kisumbi wakawa wanabaki na vichwa vya samaki peke yake. Miili ilipanda mkuyuni. Kima hakuila, aliipeleka msituni kwa Nguchiro na Fungo, nao wakamletea mahindi na asali na kumkuna mgongo. Makombe yote aliyavaa shingoni. Akigeuka, kocho kocho. Akicheka, kocho kocho kocho. Akataka aitwe Mvuvi Mkuu.

Wakati huo binti wa Bi Fisimaji alikuwa amekua. Alipiga mbizi kuliko mama yake. Kombe hakuwahi kuwa nalo, na aliona ndivyo dunia ilivyoumbwa. Siku moja mama yake alimsikia akimweleza mwana wa Kenge kwamba Mungu aliwapa samaki vichwa kwa ajili ya wavuvi na miili kwa ajili ya Kima. Bi Fisimaji akaacha kula. Na chakula chenyewe kilikuwa vichwa viwili.

Akamwendea Kiboko. Kiboko akamuuliza kama Kima alimwibia. Hapana, hakumwibia. Alimpiga? Hapana, hakumpiga.

"Basi ulimpa," akasema Kiboko. "Ukishatoa, umetoa." Akapiga mwayo, akarudi topeni.

Bi Fisimaji akarudi kwake njia nzima akitafuta jibu.  Lililomuuma zaidi ni kwamba Kiboko alisema kweli.

Sasa sikilizeni. Kule mtoni aliishi Mamba. Mamba akasikia kuna ziwa limejaa samaki na mwenyewe yuko juu ya mti. Akamtumia Kima habari: wale wako wanakuletea miili, mimi nitakuletea miili na vichwa, na nyama ya swala kila mwezi mwandamo ukamgawie umtakaye. Kima akafurahi, kocho kocho. Akawaambia wavuvi wa Kisumbi kwamba asante kwa kazi nzuri, kuanzia kesho wakae nyumbani.

Kesho yake Mamba akaingia. Hakuingia chubwi. Aliingia kimya, kama gogo. Wavuvi wakakaa ukingoni wamepangana, Mwari na mdomo wake mtupu, Mnandi na mabawa yake makavu, Bi Fisimaji na binti yake, wakitazama ziwa lao kama watu wanaotazama mlango wa jirani. Walimwendea Kiboko mara nyingine. Wakamkuta amelala.

Siku si nyingi, mtoto wa Kiboko akatoka majini anakimbia na kulia. Mkia wake ulikuwa umepungua.

Kelele za jirani, zikihamia kwako, ndipo zinaitwa msiba. Kiboko akaamka. Akanguruma, matete yakatetemeka, baraza likakaa hapohapo. Mzee Korongo akaitwa kutoka mpungani. Kima akashuka hadi tawi la chini, mkia ameukunja usiguse maji.

Bi Fisimaji akasimama. Alikuwa amejiandaa kulia, lakini machozi hayakuja, likaja neno.

"Mzee Kiboko, sidai kombe langu. Nililitoa kwa kinywa changu. Nauliza tu, siku ile ulipogawa, ulimgawia nani?"

"Mvuvi," akasema Kiboko.

"Basi mwenye makombe avue."

 Kima akajibu kwamba yeye anavua kwa mikono ya wengine, na mikono ni mikono. Mzee Korongo naye akainuka, akampinga Bi Fisimaji. Akasema wao vijana wasahau makombe, wakumbuke magoti. Kama mzee haruhusiwi kumpa mtu kombe lake apate kikapu cha panzi, atakula nini uzeeni? Wengi wakatikisa vichwa kumkubali. Hata Bi Fisimaji aliona mzee ana haki.

Kiboko akafikiri, na safari hii hakupiga mwayo. Akatoa hukumu. Kombe ni la anayelowa. Asiyeweza tena kulowa atalirudisha barazani, nalo litapewa kijana asiye nalo, na kijana huyo atamlisha mzee samaki mmoja kila siku mpaka mzee afe. Si nusu tenga. Samaki mmoja, mwenye kichwa na mwili.

"Nawe Kima," akasema, "kama u mvuvi, hayo maji hayo. Ingia, uvue, makombe yabaki yako."

Kima akatazama maji. Katikati ya maji macho mawili yakamtazama yeye.

"Karibu, bwana," akasema Mamba kwa adabu zote. "Mbona tumefanya biashara siku zote hizi na hatujawahi kukaa karibu?"

Kima akaunyoosha mkono, ukarudi wenyewe. Akaushusha mkia, ukapanda wenyewe. Akalivua kombe moja akaliweka chini. Kocho. Akalivua la pili. Kocho. Akayavua yote, akapanda mkuyu mpaka tawi la mwisho, na huko juu akaanza kulia, ingawa jua lilikuwa kali.

Mamba hakuwa tena na kombe la kuvulia. Ukoo mzima wa Kiboko ukafungua vinywa kumuaga. Akarudi mtoni, lakini alikuwa amekwisha kumpelekea Kima swala watatu wa miezi ijayo, na anawadai hadi leo. Ndiyo maana Kima akija kunywa maji hanywi kwa raha. Anywa tone, atazama kulia. Anywa tone, atazama kushoto.

Makombe yakagawiwa upya. La Mzee Korongo akapewa binti wa Bi Fisimaji, naye akampelekea mzee samaki kila siku, na kila siku mzee akalalamika kwamba ni mdogo. Bi Fisimaji akapata lake. Akavua miaka mingi.

Mwisho mwili wake ukachoka. Akawa akiingia majini anasikika mpaka ng'ambo. Baraza likamwita. Kombe lake lilikuwa limeangukia kwa mwana wa mwisho wa Kenge, kijana mvivu kama baba yake, anayeogelea kama kinu. Bi Fisimaji akalishika kombe shingoni. Akasema baridi ikipita atapata nguvu. Akasema kijana bado mdogo, heri yeye amtunzie kwanza. Akayasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, akajua ni maneno ya nani, akatazama juu ya mkuyu. Kima alikuwa anamtazama, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeona ndugu.

Bi Fisimaji akalivua haraka kama linalomuunguza, akampa kijana.

Jioni ile mwana wa Kenge akamletea perege. Alikuwa amechelewa, na perege alikuwa mwembamba. Bi Fisimaji akamla akammaliza, akianza na mwili.

Fundisho lake ni hili: haki ya kuvua ni ya mwenye kuvua. Ukiiuza kwa shibe ya leo, umemnunulia mwanao njaa. Na ikifika zamu yako ya kuiachia, iachie.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa maji. Atakayetaka kuiendeleza, na alowe kwanza.